Kuunganisha jenereta kwenye nyumba yenye umeme wa TANESCO: mwongozo kamili kwa wakazi wa Arusha na Moshi

Kosa ni lile lile, kuanzia Sakina hadi Pasua. Mtu ananunua jenereta, anakata waya, anafunga plagi pande zote mbili. Upande mmoja anachomeka kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya sebuleni. Taa zinawaka, friji inanguruma, watoto wanashangilia. Akikumbuka, anazima meni swichi kwanza. Asipokumbuka, umeme wake unatoka ndani, unapita kwenye LUKU na kupanda nguzo.

Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuwa 400 za mtaani, ikilishwa umeme kutoka upande wa chini, inaupandisha kwa uwiano ule ule. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anashika waya alioukata yeye mwenyewe, kumbe una moto unaotoka nyumbani kwako.

Wapo wanaojitetea kwamba mzigo wa majirani utaizima jenereta papo hapo. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lakini shamba au lodge yenye transfoma yake peke yake haina jirani wa kuilemea jenereta. Na waya ukidondoshwa na upepo hatua chache kutoka kwako, unalala barabarani ukiwa hai, na wanaopita hapo asubuhi ni watoto wa shule.

Dawa yake ni moja: chenjiova swichi iliyofungwa sawasawa, yaani swichi inayoipa nyumba ama umeme wa TANESCO ama wa jenereta, kamwe si vyote kwa pamoja. Mwongozo huu ni wa nyumba au duka la fezi moja (waya mmoja wa moto) lenye jenereta ndogo, hadi kama kVA 7, yaani ampia 30 hivi. Wa fezi tatu nimewawekea maelezo yao kila inapobidi.

## Nani afanye kazi hii

Kufunga afunge fundi mwenye leseni ya EWURA. Leseni hizo zina madaraja, kwa hiyo mwombe akuonyeshe yake na usome inamruhusu kufanya kazi gani. Wewe simama pembeni na mwongozo huu mkononi, hasa kwenye hatua ya sita, ambayo mafundi wengi wenye haraka huiruka.

Lakiri ya LUKU haikatwi na mtu yeyote isipokuwa TANESCO. Kama waya unaotoka kwenye mita unaingia moja kwa moja kwenye boksi la breka na hakuna swichi ya kuuzima hapo katikati, nendeni ofisi ya TANESCO ya eneo lenu muombe mzimiwe kwa muda wa kazi. Kufunga chenjiova waya ukiwa na moto hakuna faida ya kuokoa nusu siku.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Chenjiova swichi ya mkono yenye nafasi tatu: I ya TANESCO, O ya kuzima kote, na II ya jenereta. Fezi moja chukua ya poli 2, yaani inayokata nyaya mbili kwa pamoja, fezi tatu chukua ya poli 4. Ampia zake zisipungue zile za meni swichi yako. Nyumba nyingi zinatosheka na ya ampia 63.
- Waya wa shaba wa milimita za mraba 16 kutoka meni swichi hadi chenjiova, na kutoka chenjiova hadi boksi la breka.
- Kebo laini ya mpira yenye nyaya tatu, milimita za mraba 4 hadi 6, ya kutoka kwenye jenereta. Chukua 6 ikiwa jenereta itakaa mbali.
- Soketi ya viwandani ya ukutani, ya bluu, ampia 32, yenye pini ndani, pamoja na mwenzake wa kike wa kufungwa kwenye kebo.
- Sakiti breka moja ya poli 2 kwa upande wa jenereta, na RCD ya miliampia 30, ile swichi inayokata umeme unapovuja.
- Fimbo ya ethi ya shaba, kibano chake, na waya wa njano na kijani wa milimita za mraba 10 au zaidi.
- Taa ndogo ya kiashiria ya volti 230.
- Mita ya kupimia volti na omu. Ikiwa na kipimo cha hezi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, vizuri zaidi.

Kuhusu ile soketi ya ukutani: pini ziko ukutani, na kebo inayotoka kwenye jenereta inaishia na kichwa cha kike. Sababu ni kwamba kebo ndiyo yenye moto jenereta ikiwaka. Ikichomoka ghafla, hakuna pini iliyo wazi ya kumgusa mtu. Plagi ya kiume kwenye kebo ya jenereta ndiyo inayoua watu majumbani.

Ukiuziwa breka mbili zilizowekwa bega kwa bega na kuambiwa "hii ndiyo chenjiova", kataa, isipokuwa kama kati yake kuna chuma kinachozuia zote mbili kuwashwa kwa pamoja. Kumbukumbu ya mtu si kinga, hasa saa nane usiku mvua ikinyesha.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo, na ukumbuke mlima

Orodhesha vitu utakavyowasha umeme ukikatika. Tuseme nyumba ya Njiro ina taa kumi za wati 9 (90), televisheni (100), friji (150) na pampu ya maji ya wati 750. Jumla ni wati 1,090, na hapo ndipo wengi huishia. Wanakwenda dukani kununua jenereta ya kilowati 1.5, na siku ya kwanza pampu inagoma.

Mota inapoanza kuzunguka hula mara tatu hadi sita ya kiwango chake cha kawaida. Pampu hiyo ya wati 750 inaweza kutaka wati 3,000 kwa sekunde chache. Ongeza vile vingine, unafika karibu 3,340. Hicho ndicho kipimo cha kununulia.

Sasa ongeza jambo ambalo muuzaji hakuambii. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Arusha mjini iko karibu mita 1,400, kwa hiyo unapoteza kama asilimia 14. Moshi iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900, na hasara yake ni kama asilimia 9. Jenereta iliyoandikwa kilowati 5, ukiiwasha Arusha itegemee itoe kama 4.3. Kwa nyumba ya mfano wetu hiyo inatosha. Ya kilowati 3.5 ingetoa kama 3 na kuzimika kila pampu inapoanza.

Angalia pia namba kubwa iliyobandikwa ubavuni. Mara nyingi ni ya kilele cha muda mfupi. Ya kutumia ni ile ya mzigo wa kudumu.

## Hatua ya 2: Chagua mahali pa jenereta

Nje. Si verandani, si stoo yenye dirisha, si gereji iliyoachwa mlango wazi. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Weka umbali wa angalau mita 6 kutoka dirisha au mlango wowote, na bomba la moshi lielekee mbali na nyumba, ya kwako na ya jirani.

Jenga kibanda cha bati chenye pande wazi ili masika isiilowanishe. Sakafu iwe ya zege iliyoinuka kidogo.

## Hatua ya 3: Panga mfuatano wa umeme

Mfuatano sahihi ni huu: LUKU, kisha meni swichi, kisha chenjiova, kisha boksi la breka. Jenereta inaingia kwenye chenjiova kupitia soketi ya ukutani na breka yake yenyewe.

Chenjiova inakaa baada ya LUKU. Ikikaa kabla ya mita, umeme wa jenereta utapita kwenye LUKU na unaweza kukatwa uniti kwa petroli uliyoinunua mwenyewe, mbali na kwamba ni kuingilia mali ya TANESCO. Na ikikaa baada ya meni swichi, fundi ana mahali pa kuuzimia umeme anapofanya kazi leo na miaka ijayo.

Breka ya upande wa jenereta ichaguliwe kwa kadiri ya jenereta, si ya nyumba. Ile yetu ya kilowati 4.3 inatoa kama ampia 19 kwa volti 230, kwa hiyo breka ya ampia 20 inaifaa. Ukiweka ya 32 "ili isikatekate", unaikaanga koili ya jenereta polepole.

## Hatua ya 4: Ethi na nyutro ya jenereta

Hapa ndipo kazi nyingi zinazoonekana nzuri huwa mbovu. Nenda taratibu.

Jenereta ndogo nyingi zinatoka kiwandani nyutro yake, ule waya wa kurudishia umeme, ikiwa inaelea, yaani haijaungwa na bodi ya chuma wala na ethi. Ukiifunga hivyo kwenye nyumba, RCD inakosa njia ya kuona uvujaji. Waya wa moto ukigusa bodi ya friji, hakuna kitu kitakachokata. Bodi inabaki na moto, ikimsubiri mtu wa pili kugusa kitu kingine.

Pima hivi. Jenereta ikiwa imezimwa na haijaunganishwa popote, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye bodi ya chuma isiyo na rangi, ya pili kwenye tundu la nyutro la soketi yake, halafu kwenye tundu la moto. Mita isipoonyesha muunganiko popote, nyutro inaelea. Ikionyesha muunganiko, jenereta hiyo tayari imeungwa ndani kwa namna fulani. Usiongeze kiungo kingine hadi usome kitabu chake, kwa sababu baadhi zimeungwa katikati ya koili, na kiungo cha pili kitapiga shoti.

Kama inaelea, fundi afanye mambo mawili:

Kwanza, apigilie fimbo ya ethi karibu na jenereta, izame ardhini yote ukiacha sehemu ya kibano, na aiunganishe na bodi ya jenereta pamoja na ethi ya nyumba. Ukikutana na mwamba, na maeneo mengi ya Arusha yako hivyo, hamisha mahali. Kuikata fimbo ili ionekane imezama ni kujidanganya. Penye unyevu wa kudumu ndipo pazuri, kwa mfano chini ya mgomba unaomwagiliwa.

Pili, aunganishe nyutro na ethi mahali pamoja tu, upande wa jenereta, kabla ya RCD na kabla ya chenjiova. Mahali pamoja, narudia. Kiungo hicho kikiwekwa ndani ya boksi la breka la nyumba, kitakuwepo pia ukiwa kwenye umeme wa TANESCO, na mkondo wa nyutro utaanza kurudi kupitia udongo na mabomba.

Kwa sababu hiyo hiyo chenjiova inatakiwa kukata moto na nyutro kwa pamoja. Ya poli 1 ni rahisi kwa bei, lakini inaiacha nyutro yako ikiwa imeshikana na nyutro ya mtaa mzima wakati fundi yuko kwenye nguzo.

## Hatua ya 5: Funga nyaya kwenye chenjiova

Zima meni swichi, pima kwa mita kwamba kweli hakuna moto, kisha weka karatasi au kufuli ili mtu asiiwashe. Testa ya bisibisi usiitegemee peke yake.

Soma mchoro uliochapishwa kwenye chenjiova. Viwanda havifanani: zingine zinaingiza TANESCO juu na jenereta chini, zingine zinapanga ubavu kwa ubavu. Fundi akisema "zote ni sawa", mwombe afungue mchoro hata hivyo.

Nafasi I iwe ya TANESCO, nafasi II ya jenereta. Nyaya za nyumba za zamani ni nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro, za karibuni ni kahawia na bluu. Nyumba iliyoongezwa vyumba inaweza kuwa na zote mbili, na nyeusi ya mfumo mpya ni ya moto. Pima, usikisie kwa rangi.

Kila skrubu ikishakazwa, uvute waya kwa mkono. Waya uliolegea unapata joto, unaunguza plastiki, na harufu yake utaisikia miezi kadhaa baadaye.

Taa ya kiashiria ifungwe upande wa TANESCO, kabla ya chenjiova, ikiwa na fyuzi yake ndogo. Itakuambia umeme umerudi hata ukiwa bado kwenye jenereta.

## Hatua ya 6: Jaribio la ukavu

Kabla ya umeme wowote kuwashwa, meni swichi ikiwa chini na jenereta ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye omu. Shika ncha moja kwenye skrubu ya moto ya TANESCO na ya pili kwenye skrubu ya moto ya jenereta. Sogeza chenjiova kwenye I, halafu O, halafu II. Mita isilie hata mara moja. Rudia kwa nyutro. Rudia kwa moto wa TANESCO na nyutro ya jenereta, na kinyume chake. Breka zote za nyumba ziwe zimezimwa, la sivyo taa na friji zitakudanganya.

Kisha pima kati ya TANESCO na nyumba: I inaungana, O na II haziungani. Jenereta na nyumba: II inaungana, I na O haziungani.

Kipimo kimoja tu kikienda kinyume, kazi haijaisha. Usikubali maelezo, fungueni upya. Mita ikilia pasipotakiwa hata mara moja hapa, ndio ule umeme unaopanda nguzo.

## Hatua ya 7: Kuwasha mara ya kwanza

Chenjiova ikiwa kwenye O, washa jenereta na uiache ipashe moto dakika mbili au tatu. Pima kwenye skrubu zake:

- Volti ziwe karibu 230. Chini ya 207 au juu ya 253 usiendelee.
- Hezi, bila mzigo, ziwe 51 hadi 52, na zikishuka hadi karibu 50 mzigo ukiingia, ndiyo kawaida ya injini yenye gavana ya kimakanika, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini. Zikishuka chini ya 49, ama umezidisha mzigo ama gavana inahitaji kurekebishwa.

Sogeza kwenda II. Washa breka moja moja, pampu ikiwa ya kwanza kabla ya taa na televisheni, ili kishindo cha kuanza kwake kisivikute vyombo vya elektroniki. Bonyeza kitufe cha kujaribia RCD: inatakiwa ikate hapo hapo. Isipokata, RCD yenyewe ni mbovu au imefungwa vibaya, usiendelee hadi irekebishwe.

Wa fezi tatu, hapa mpime mfuatano wa fezi kabla ya kuwasha mota yoyote. Mashine ya kusaga inayozunguka sawa kwa TANESCO na kinyume kwa jenereta imebadilishiwa fezi mbili. Pampu inayozunguka kinyume bado inatoa maji, machache, kwa hiyo unaweza kukaa muda mrefu bila kugundua huku ikijiharibu. Dawa ni kubadilishana fezi mbili upande wa jenereta, kamwe si upande wa nyumba. Gaweni pia mizigo sawa kwa sawa kwenye fezi tatu.

Utajua umefanikiwa ukiona haya: taa hazipepesi, LUKU iko kimya kabisa na uniti hazishuki, na jenereta ikilishwa mzigo wote inabadilisha sauti lakini haikohoi.

## Hatua ya 8: Utaratibu wa kila siku, ubandikwe ukutani

Umeme ukikatika: zima breka za vitu vikubwa, peleka chenjiova O, washa jenereta, subiri ipashe moto, peleka II, washa kimoja kimoja.

Umeme ukirudi: taa ya kiashiria ikiwaka, subiri dakika tano. Umeme unaorudi mara nyingi hukatika tena au huja na volti za kuyumba. Kisha zima breka za vitu vikubwa, peleka O, halafu I. Iache jenereta izunguke bila mzigo dakika tatu ipoe, ndipo uizime. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa.

Mwonyeshe kila mtu mzima wa nyumba, na dada wa kazi pia. Mara nyingi yeye ndiye aliyepo umeme unapokatika.

## Kama una sola yenye kuungana na umeme wa TANESCO

Inveta ya aina hii, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuwa kama wa TANESCO, ina kinga ya kujizima gridi ikikatika. Lakini ikikuta jenereta inatoa volti 230 na hezi 50 upande wa nyumba, inaweza kuidhania ni gridi na kuanza kuisukumia umeme. Jenereta ndogo haina pa kuupeleka. Volti zinapanda, vitu vinaungua.

Iungeni inveta hiyo upande wa TANESCO wa chenjiova, ili ukiwa kwenye II isionane na jenereta kabisa. Inveta zenye betri zilizotengenezewa mlango wa jenereta ni habari nyingine, zifuateni kwa kitabu chake. Na kabla sola haijasukuma uniti yoyote nje, TANESCO iwe imekubali na kubadilisha mita. Mita nyingi za kulipia kabla huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umeutumia, au hujifunga.

## Kama unataka jenereta ifanye kazi sambamba na gridi

Hoteli na viwanda huuliza hili, na jibu ni kwamba chenjiova haihusiki hapo tena. Ili mashine mbili ziungane zikiwa hai, mambo manne yakubaliane kwa wakati mmoja: volti, hezi, mfuatano wa fezi, na pembe ya mawimbi. Hata mtambo wa Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, wenye megawati 8, hausukumi umeme kwenye gridi ya taifa hadi hayo manne yatimie. Ukiunga pembe zikiwa mbalimbali, gridi inaikamata shafti ya jenereta na kuizungusha kwa nguvu hadi ifuate. Shafti au koili, kimojawapo kinakwenda.

Kinachotakiwa ni kifaa cha kulinganisha mambo hayo manne, rilei za kinga (swichi zinazojiendesha zenyewe) zinazokata gridi inapopotea au volti na hezi zinapotoka nje ya mipaka, na swichi ambayo TANESCO wanaweza kuifikia na kuifunga kwa kufuli lao. Vinatanguliwa na maombi na ukaguzi wa TANESCO chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na kanuni za EWURA. Anzeni na ofisi ya TANESCO ya mkoa kabla ya kununua mashine, kwa sababu uwezo wa laini iliyopita kwenu ndio utakaoamua ukubwa wa jenereta mtakayoruhusiwa kuunga.